Saraka za kanzidata kwenye seva ya Unix: kifurushi, /usr/local, /u01 au diski ya /data?

Uamuzi wa wapi kanzidata ikae huchukua dakika tano siku ya kusakinisha, na mara nyingi hupita kwa kubonyeza Enter tu. Gharama yake huonekana baadaye: siku ya kupandisha toleo, siku diski inapojaa, na siku umeme unaporudi seva ikawaka kabla diski ya data haijamauntiwa (haijaunganishwa kwenye saraka yake). Kwa seva zilizoko halmashauri za wilaya kama Kongwa, Mpwapwa au Chemba kuna siku ya nne pia. Afisa TEHAMA aliyesakinisha amepata uhamisho kwenda Singida, na aliyempokea hana kitu mkononi zaidi ya nywila ya root, yaani msimamizi mkuu. Mipangilio iliyo hapa chini tunaipima kwa siku hizo nne. Uzuri wa majina ya saraka tunauacha kando.

Tuanze na PostgreSQL, maana ndiyo inayoonyesha tofauti waziwazi. Programu ni ile ile, toleo 16, lakini kila njia ya kuisakinisha inaipeleka kwake:

| | Kifurushi cha Debian/Ubuntu | Kifurushi cha PGDG (watengenezaji wa PostgreSQL wenyewe) kwenye RHEL, Rocky, Alma | Kukompaili mwenyewe |
|---|---|---|---|
| Programu | /usr/lib/postgresql/16/bin | /usr/pgsql-16/bin | /usr/local/pgsql/bin |
| Data | /var/lib/postgresql/16/main | /var/lib/pgsql/16/data | unaitaja mwenyewe. Mifano ya nyaraka ni /usr/local/pgsql/data |
| Mipangilio | /etc/postgresql/16/main | ndani ya saraka ya data | ndani ya saraka ya data |
| Logi | /var/log/postgresql | saraka ya log ndani ya data | unakoielekeza |
| Soketi (faili la kuunganishia programu na seva) | /var/run/postgresql | /run/postgresql na /tmp | /tmp |

Jihadhari na jambo moja ambalo jedwali halionyeshi: kifurushi kinachokuja na RHEL yenyewe, si kile cha PGDG, huweka data kwenye `/var/lib/pgsql/data` bila namba ya toleo, na programu kwenye `/usr/bin`. Ukikuta seva ya namna hiyo, usifuate maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya PGDG. Huduma zina majina tofauti na kupandisha toleo kunafanywa kwa `postgresql-setup --upgrade`.

Mpangilio wa kifurushi

Huu ndio tunaoupendekeza kwa ofisi nyingi, na sababu ya kwanza ni ile siku ya uhamisho. Mtu yeyote aliyewahi kushika Ubuntu atajua aangalie wapi. Ataandika `pg_lsclusters` na kuona toleo, jina la klasta (seti ya kanzidata chini ya seva moja), pota (port), hali yake, saraka ya data na faili la logi, vyote kwenye mstari mmoja. Hakuna maelezo ya makabidhiano yanayozidi hapo.

Sababu ya pili ni kwamba namba ya toleo imo ndani ya njia. Matoleo mawili yanakaa pamoja bila kugusana, na hilo ndilo `pg_upgrade` inalolihitaji: programu ya zamani, programu mpya, data ya zamani na data mpya, vyote vikiwepo kwa wakati mmoja. Seva ya Ubuntu 22.04 yenye PostgreSQL 14 ikipandishwa hadi 24.04, toleo 16 husakinishwa pembeni. Klasta yake mpya, tupu, hupewa pota 5433, huku ya zamani ikibaki 5432. Hapo wengi hukwama: `pg_upgradecluster 14 main` inakataa kwa sababu 16/main tayari ipo. Dawa ni kuiondoa kwanza ile tupu:

```
pg_lsclusters
pg_dropcluster 16 main --stop
pg_upgradecluster 14 main
```

Soma mstari wa pili mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. `pg_dropcluster` inafuta data kabisa, na tofauti ya 14 na 16 ni tarakimu moja tu.

Ubaya wa mpangilio wa Debian ni kutenganisha mipangilio na data. `pg_basebackup`, amri ya bekapu ya PostgreSQL, inabeba saraka ya data tu, haigusi `/etc/postgresql`. Ukirudisha bekapu kwenye seva mpya, data itakuwepo lakini `pg_hba.conf` na `postgresql.conf` ulizozirekebisha hazipo. Mfumo wa mapato unashindwa kuunganishwa na watu wanadhani bekapu ilikuwa mbovu. Kwenye RHEL tatizo hili halipo, maana faili hizo ziko ndani ya data na zinasafiri nayo. Kwa Debian, ongeza `/etc/postgresql` kwenye kazi ya bekapu ya kila usiku. Ukubwa wake ni kilobaiti chache.

Kukompaili kwenye /usr/local au kufungua tarball (faili la .tar.gz)

Njia hii ina nafasi yake. Chumba cha seva kisicho na intaneti kabisa, kiraka kinachohitaji kubadili msimbo, au maabara ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaojifunza jinsi PostgreSQL inavyojengwa: hapo inafaa. Kwa seva ya kazi, tatizo kubwa ni chaguo-msingi lake kutokuwa na namba ya toleo.

Tazama kinachotokea. Toleo 16 liko `/usr/local/pgsql`. Unakompaili 17 kwa `./configure` bila `--prefix`, kisha `make install`. Programu za 16 zimefunikwa. Ukiwasha, seva inakataa na kueleza kwamba faili za kanzidata zilianzishwa na toleo 16, haziendani na 17. Unakimbilia `pg_upgrade`, nayo inadai programu za 16, ambazo umeshazifunika. Itabidi ukompaili 16 upya mahali pengine ndipo uendelee, na muda wote huo dirisha la malipo limefungwa. Kama ni lazima ukompaili, taja toleo tangu mwanzo:

```
./configure --prefix=/opt/pgsql/16
make && make install
```

na data iwe nje kabisa ya njia hiyo. Kuweka data chini ya `/usr` ni kosa pia kwa kanuni ya FHS (kiwango cha mpangilio wa saraka), ambayo toleo lake la 3.0 lilitoka 2015: `/usr` ni ya vitu visivyobadilika, inapaswa kuweza kumauntiwa kwa kusomwa tu, na data inayobadilika ni ya `/var`.

MySQL ya tarball ina mtego unaofanana na huo kwa sura nyingine. `/usr/local/mysql` huwa ni kiungo kinachoelekea saraka yenye namba ya toleo, na data kwa kawaida inakaa `/usr/local/mysql/data`, yaani ndani ya saraka ya toleo hilo. Ukishusha toleo jipya na kugeuza kiungo, data imebaki nyuma. Anayekuja kusafisha "toleo la zamani" ili kupata nafasi anafuta kanzidata yenyewe.

Kuna pia suala la soketi. `psql` iliyokompailiwa inaitafuta seva kupitia `/tmp`, ilhali seva ya kifurushi cha Debian inasikiliza kwenye `/var/run/postgresql`. Ukiona kosa kwamba faili la soketi halipo ilhali seva inaendesha vizuri, angalia `which psql` kabla ya kugusa kitu kingine. Unaweza kulazimisha kwa `psql -h /var/run/postgresql`.

Na viraka vya usalama havitakuja kwa `apt`. Mtu ndiye atakayekumbuka, na mtu huyo anahamishwa.

/u01, /u02: mpangilio wa Oracle

Oracle ina utaratibu wake wa saraka, OFA (Optimal Flexible Architecture), uliotokana na kazi ya Cary Millsap akiwa Oracle miaka ya 1990. Programu inakaa `/u01/app/oracle/product/19.0.0/dbhome_1`, orodha ya vilivyosakinishwa `/u01/app/oraInventory`, na data `/u02/oradata`. Majina u01 na u02 hayasemi kilichomo, na hilo ni la makusudi: faili zinaweza kuhamishiwa diski nyingine bila jina la diski kugeuka uongo.

Kama programu ni Oracle, fuata OFA bila kujadiliana. Maelekezo yake yote, mtaalamu utakayemwita na nyaraka za msaada vinauchukulia kwamba upo. Mambo mawili yanahitaji jicho. La kwanza: tangu toleo la 18c, faili la zip linafunguliwa moja kwa moja ndani ya ORACLE_HOME (saraka ya programu ya Oracle), na pale ulipolifungua ndipo programu itakapoishi. Ukilifungua `/home/oracle/Downloads`, hiyo ndiyo ORACLE_HOME yako. Tengeneza saraka kwanza, badilisha mtumiaji kuwa oracle, kisha fungua zip humo.

La pili: ukisakinisha 19c kwa RPM, programu inaenda `/opt/oracle/product/19c/dbhome_1` na data `/opt/oracle/oradata`. Kwenye seva nyingi `/opt` haina mfumo wake wa faili, ni sehemu ya `/`. Data ikikua, mzizi wa seva nzima unajaa, na hapo hata kuingia kwa SSH kunaweza kusumbua. Maunti diski kwenye `/opt/oracle/oradata` kabla ya kuunda kanzidata, au elekeza data `/u02/oradata` wakati wa kuiunda.

Faida kubwa ya OFA ni wakati wa viraka: unaandaa `dbhome_2` pembeni huku watu wanaendelea na kazi, kisha unahamisha kanzidata kwa dakika chache. Kinachosahaulika ni faili za `network/admin` (listener.ora, tnsnames.ora) na zile za `dbs` (spfile na faili la nywila), ambazo kwa 19c kwa kawaida zimo ndani ya home ya zamani. Zinakili kabla ya kuwasha upande mpya.

Je, PostgreSQL iwekwe kwenye `/u02` ili ifanane? Kama ofisi tayari ina DBA (msimamizi wa kanzidata) wa Oracle na seva zote ziko hivyo, `/u02/pgdata/16/main` ni sawa. Kama ni seva moja ya PostgreSQL, unaazima utaratibu uliobuniwa kwa diski nyingi na matoleo mengi bila kuwa na kimojawapo. Kutenganisha /u02 na /u03 zote zikiwa juu ya SSD mbili zile zile zilizofungwa RAID 1 (moja ikiwa nakala ya nyingine) hakuongezi kasi hata kidogo.

Diski ya pembeni: /data, au chini ya njia ya kifurushi?

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Diski ya data itenganishwe na mfumo, hilo halina ubishi. Swali ni iunganishwe wapi.

Ukiunda `/data/mysql` na kubadili `datadir`, Ubuntu itakugomea kwa namna inayochanganya: umiliki ni sahihi, ruhusa ni sahihi, bado logi inasema huna ruhusa. Anayezuia ni AppArmor, ambayo inaruhusu mysqld kugusa njia inazozijua tu. Ongeza kwenye `/etc/apparmor.d/local/usr.sbin.mysqld`:

```
/data/mysql/ r,
/data/mysql/** rwk,
```

kisha `systemctl reload apparmor`. Kwenye familia ya RHEL kazi hiyo ni ya SELinux, inayotumia lebo za usalama za faili:

```
semanage fcontext -a -t mysqld_db_t "/data/mysql(/.*)?"
restorecon -Rv /data/mysql
```

Kwa PostgreSQL aina ni `postgresql_db_t`, na lazima pia ubadilishe PGDATA (njia ya saraka ya data) kwa `systemctl edit postgresql-16`, ukiandika `Environment=PGDATA=/data/pgsql/16/data` chini ya `[Service]`. Kuzima SELinux nzima ili kukwepa mistari miwili ni kubadilishana usalama wa seva kwa dakika tano. MariaDB nayo, kupitia systemd, imezuiwa kusoma `/home`, kwa hiyo `datadir` ndani ya `/home` haiwaki hata ruhusa ziwe wazi vipi.

Yote hayo unayaepuka ukimaunti diski ile ile juu ya njia ya kifurushi. Njia hazibadiliki, AppArmor hailalamiki, SELinux inataka `restorecon -Rv` tu baada ya kumaunti, na aliyepokea ofisi anakuta kila kitu pale anapopatarajia. Lakini chagua ngazi sahihi: maunti kwenye `/var/lib/postgresql` (au `/var/lib/pgsql`), si kwenye `/var/lib/postgresql/16/main`. Ziko sababu mbili.

Diski mpya ya ext4 ina saraka `lost+found` juu kabisa. `initdb` ikiikuta ndani ya saraka ya data inakataa, na inakushauri uunde saraka ndogo chini ya eneo la kumaunti. Ushauri huo ni wa kweli, usiukwepe kwa kufuta `lost+found`.

Ya pili inahusu kupandisha toleo. `pg_upgrade --link` haikopi data, inatengeneza viungo vigumu (hard links), ndiyo maana kanzidata kubwa inapandishwa haraka. Viungo vigumu haviwezi kuvuka mfumo mmoja wa faili kwenda mwingine. Ukiwa umemaunti kwenye 16/main, basi 17/main itaangukia diski nyingine na `--link` haitafanya kazi. Utalazimika kukopi kila kitu na kuwa na nafasi mara mbili. Ukimaunti ngazi ya juu, 16 na 17 ni majirani ndani ya mfumo mmoja. Kumbuka tu kwamba baada ya `--link`, ukishawasha toleo jipya, la zamani haliwezi kutumika tena. Bekapu iwepo kabla.

Umeme unaporudi

Hili linastahili nafasi yake, kwa sababu ndilo linaloumiza zaidi kimyakimya. Betri za UPS zimechoka na joto, umeme umekatika usiku, umerudi alfajiri. Seva inawaka kwa dakika mbili, kabati la diski la nje au NAS inachukua tano. Kama kwenye `/etc/fstab` umeweka `nofail`, seva inaendelea kuwaka bila diski ya data. Saraka `/var/lib/mysql` ipo, ila ni ile tupu iliyoko kwenye diski ya mfumo.

MySQL iliyosakinishwa kwa RPM, ikikuta saraka ya data tupu, inaanzisha kanzidata mpya yenyewe. Huduma inaonyesha kijani. Meza zote hazipo. Mtu akirudisha bekapu ya juzi kwa hofu, anaiandika kwenye diski ya mfumo, na data halisi ya jana imelala salama kwenye diski ambayo hakuna aliyeimaunti. PostgreSQL ya Debian ina nafuu kidogo: haipati 16/main na inagoma kuwaka, jambo ambalo ndilo unalolitaka.

Kinga yake ni mistari michache. Zima kanzidata, ondoa diski, kisha funga ile saraka tupu isiandikwe hata na root:

```
systemctl stop mysqld
umount /var/lib/mysql
chattr +i /var/lib/mysql
mount /var/lib/mysql
```

Alama hiyo inabaki kwenye saraka ya chini. Diski ikishamauntiwa juu yake, kazi inaendelea kama kawaida. Halafu iambie systemd isiwashe huduma bila diski, kwa `systemctl edit mysqld`:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/var/lib/mysql
```

Kwenye fstab tumia UUID (kitambulisho cha kudumu cha diski) badala ya `/dev/sdb1`, kwani majina ya diski hubadilika mpangilio wa kuwaka ukibadilika. Kwa diski za mtandao (iSCSI au NFS) weka `_netdev`.

Ugawaji wa diski

Kwa seva ya ukubwa wa halmashauri au SACCOS, LVM (tabaka la kugawa diski kwa volume zinazoweza kukuzwa) juu ya RAID 1, mfumo ukiwa na GB 60, `/var/log` GB 10, na kanzidata ikipewa nafasi ya mwaka mmoja tu, inatosha. Nafasi inayobaki iache bila kugawiwa ndani ya volume group: `lvextend -r` inaiongeza dakika moja huku kanzidata inaendesha. Kupunguza ni habari nyingine. XFS haipunguzwi kwa vitendo, na ext4 inabidi uiondoe kwanza. Ext4 pia inatenga asilimia 5 kwa ajili ya root, ambayo kwa TB 1 ni GB 50. Kwa diski ya data peke yake `tune2fs -m 1` inakurudishia sehemu kubwa.

Kutenganisha `pg_wal` (saraka ya WAL, logi ya mabadiliko yanayoandikwa kabla ya data) kwenye volume yake kunapendekezwa sana mitandaoni. Kwa diski moja hatukushauri. Ikijaa, PostgreSQL inazimika kwa PANIC vile vile. Tena snapshot za LVM zinachukuliwa volume moja moja, kwa hiyo ya data na ya WAL hazitakuwa za wakati mmoja na bekapu inaweza isirudishike. Tenganisha pale tu unapokuwa na diski halisi nyingine, kwa `initdb --waldir`. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba WAL unayoihifadhi kwa `archive_command` isikae diski ile ile ya data: amri ikianza kushindwa, `pg_wal` inarundika vipande vya MB 16 hadi nafasi iishe. Usifute kwa mkono chochote ndani ya `pg_wal`. Rekebisha `archive_command`, au ondoa replication slot (alama inayomtunzia WAL seva-nakala) iliyotelekezwa, na PostgreSQL itasafisha yenyewe. Faili tupu la GB 1 lililotengenezwa kwa `fallocate` kwenye diski hiyo linakupa kitu salama cha kufuta dharura inapofika.

FreeBSD inafuata njia nyingine (`/var/db/postgres/data16`, `/var/db/mysql`), lakini hoja ya kumaunti ngazi ya juu ni ile ile.

Ukikuta seva iliyokwisha sakinishwa

Usiamini karatasi ya makabidhiano wala faili la mipangilio. Iulize kanzidata yenyewe: `SHOW data_directory;` na `SHOW config_file;` kwa PostgreSQL, `SELECT @@datadir;` kwa MySQL, `SELECT name FROM v$datafile;` kwa Oracle. Kisha `findmnt -T` ikifuatiwa na njia uliyopewa itakuonyesha diski iliyo chini yake. Ikijibu `/`, data iko pamoja na mfumo.

Kuhamisha kunafanywa kanzidata ikiwa imezimwa: `rsync -aHAX` kwenda diski mpya iliyomauntiwa kwa muda `/mnt`, ibadilishe jina saraka ya zamani, tengeneza saraka tupu yenye jina lile lile, ifunge kwa `chattr +i`, maunti diski hapo, hakikisha ruhusa ni 0700 au 0750 kwa saraka ya data ya PostgreSQL, ndipo uwashe. Saraka ya zamani usiifute wiki hiyo. Kabla ya kufuta, panga muda na watumiaji, zima seva, chomoa diski ya data na uiwashe bila hiyo: kanzidata inapaswa kukataa kuwaka, na logi ya systemd inapaswa kutaja mount iliyokosekana. Ikiwaka na kuonyesha meza tupu, rudi kwenye `RequiresMountsFor`.